Kisa cha gesti ya vyumba 16: ving'amuzi vilivyokula laki sita kwa mwezi

Hiki kisa nawaandikia wenye gesti, lodge na baa ndogo, na mafundi wenzangu tunaowafungia dishi halafu tunaondoka. Mwenye biashara amekubali niandike ila sio jina lake wala mji wake, kwa hiyo vitu vya kumtambulisha nimevitoa na hela nimezisawazisha kidogo zisomeke kirahisi, uwiano wake uko vilevile. Kampuni za ving'amuzi vyake sizitaji.

Gesti yenyewe na bili yake

Iko kwenye mji mmoja wa barabara kuu huku katikati ya nchi, malori yanalala, mabasi yanapita. Vyumba 16, mbele kuna baa ya viti vya plastiki na tivii mbili. Mwenyewe ni mama mtu mzima, mjane, yeye ananiita fundi na mimi namuita mama, basi. Anaendesha na kijana wake wa pili, mdada wa mapokezi, na dada wa usafi ambaye kwenye kisa hiki ndo mtu muhimu kuliko wote, mimi mwenyewe nikiwemo.

Kila chumba kina tivii na king'amuzi chake cha dishi. Wanaokumbuka, mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, mikoa ikafuata, na tangu hapo gesti isiyo na king'amuzi chumbani ikaanza kuonekana ya kizamani, kila mtu akawa anaandika kwenye bango lake kwamba vyumba vyote ni self na vina king'amuzi. Mama naye akafunga, dishi nne juu ya bati, kila moja na LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) ya njia nne, waya 16 zinashuka ukutani kama mizizi ya mti.

Mwanzoni kifurushi cha chumba kilikuwa 18,000, mara 16 ni 288,000. Baa ilikuwa na kile kifurushi kikubwa cha ligi za Ulaya, 89,000, na king'amuzi kingine cha kampuni nyingine kwa ajili ya ligi ya ndani, 23,000. Jumla laki nne kamili kwa mwezi. Katika miaka sita bei zikapanda mara tatu, kila mara ni ile meseji ya "mpendwa mteja" inayoingia usiku, mpaka chumba kikafika 28,000, kifurushi kikubwa 115,000, na kile cha ligi ya ndani 37,000. Piga hesabu, ni 600,000 kila mwezi.

Chumba nacho kilipanda, kutoka 15,000 hadi 20,000 kwa usiku, ila sio kwa kasi hiyo. Zamani ilihitajika vyumba 27 vilale watu ndo ving'amuzi vilipike, sasa 30. Yaani wageni 30 wa kwanza wa kila mwezi walikuwa wanalala kwa ajili ya king'amuzi, umeme, sabuni na mishahara vinaanza na mgeni wa 31.

Kwanini bei inapanda

Mama alikuwa anaamini kabisa kuna mtu mmoja amekaa ofisini anapandisha bei kwa roho mbaya. Nilimwelewesha kidogo na nadhani inasaidia kujua, maana ukijua kwamba bei haitashuka unaacha kusubiri ishuke. Chaneli nyingi za nje na nafasi kwenye satelaiti hulipiwa kwa dola, wewe unalipa kwa shilingi. Mwaka 2022 dola ilikuwa kwenye 2,300 hivi, kufika Septemba 2024 ikawa inacheza kwenye 2,700. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Halafu kuna haki za mpira. Mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu yetu zilichukuliwa na Azam kwa mkataba wa miaka 10, bilioni 225.6, ukigawa ni zaidi ya bilioni 22 kwa mwaka kabla hujawasha hata kamera moja. Hiyo ni ya kwetu tu, ya Uingereza usiseme.

Na hizi haki zimetawanyika, huyu ana ligi ya ndani, yule ana ya Ulaya, kwa hiyo mwenye baa anayetaka wateja wa Jumamosi na wateja wa Simba na Yanga analipa nyumba mbili. Hapo sio bei imepanda tena, ni bei mbili.

Majaribio matatu kabla sijaitwa

La kwanza lilikuwa Januari, mwezi wa ada. Mama akasema vyumba vyote vishushwe kifurushi, kutoka 28,000 hadi kile cha chini kabisa cha 12,000. Kwa hesabu ya karatasi ni akili sana, kutoka 448,000 hadi 192,000. Ikadumu wiki tatu. Kulikuwa na semina ya watumishi pale mjini, wakalala vyumba vinane, kila jioni wanakuja mapokezi kuuliza chaneli fulani iko wapi, wanaambiwa haipo, siku ya tatu watano wakahamia gesti ya jirani. Mama akapaniki akarudisha vifurushi vyote 16 siku hiyohiyo. Hao waliohama walihama kwa sababu ya tivii au kwa sababu jirani ana maji ya moto? Hakuna aliyewauliza. Mimi nahisi maji ya moto yalihusika pia, ila mama alishajiaminisha.

La pili, Machi. Fundi mwingine (sio mimi, na namheshimu) akamwambia hakuna haja ya ving'amuzi 16, tumia kimoja. Akaweka moduleta, ni kifaa kinachochukua picha ya king'amuzi kimoja na kuitupa kwenye waya kama chaneli moja, tivii zote zinaipokea. 280,000 pamoja na ufundi. King'amuzi kikawekwa mapokezi, rimoti ikawa kwa mdada.

Waliowahi kulala gesti za namna hiyo wanajua kinachofuata. Mdada wa mapokezi ana tamthilia yake saa mbili na nusu usiku, na vyumba 16 vyote vinaangalia tamthilia hiyo wapende wasipende. Mama ananisimulia anacheka lakini siku yenyewe hakucheka, dereva mmoja wa lori amelipia chumba kwa ajili ya mechi ya Yanga ya Afrika, yuko kitandani, dakika ya 70 na kitu, mara picha inahama, bibi harusi analia. Akashuka na taulo kiunoni mpaka mapokezi, "dada, rudisha mpira", mdada anamwambia kuna mgeni chumba namba 4 kaomba tamthilia, mgeni wa namba 4 naye akatoka kusema hajaomba kitu, alikuwa amelala. Ikawa kesi mpaka saa nne. Jamaa alirudishiwa nusu ya hela na toka siku hiyo akipita anapiga honi tu.

Tena picha yenyewe ilikuwa chenga. Kila ukigawa waya mara mbili, kila upande unapata nusu ya nguvu, ukigawa mara nne mfululizo umefika njia 16 na kila tivii ina sehemu moja tu ya 16, hapo waya wenyewe haujala chake. Vyumba vya mwisho walikuwa wanaangalia mvua. Mei wakarudi kulipia vyumba vyote.

La tatu ndo liliuma. Agosti, msimu unaanza, kijana wake akakutana na mtu wa maboksi ya Android, chaneli zote za dunia, unalipa mwaka mzima mara moja. Wakachukua maboksi matano, matatu ya vyumba na mawili ya baa, 650,000 pamoja na usajili, wakakata kile kifurushi kikubwa cha baa. Wiki tano safi kabisa, ila bando la intaneti lilikuwa linayeyuka (saa moja ya picha ya HD inakula kama GB 2 mpaka 3, na baa haizimi). Jumamosi moja ya Septemba, saa 11 jioni, mechi za saa tisa za Uingereza ndo zinaanza, baa imejaa, tivii zote mbili zikawa nyeusi na duara linazunguka. Wakazima wakawasha. Simu ya jamaa ikaita mara moja, halafu haipatikani mpaka leo. Waliingizwa mjini wakiwa mjini kwao. Chaneli zenyewe zilikuwa za wizi, kwa hiyo hata pa kwenda kulalamika hamna, utaenda polisi useme nini?

Kwa hiyo ndani ya miezi tisa walishatumia 930,000 kupunguza bili, na Oktoba bili ikawa 600,000 ileile.

Nilipoitwa

Niliitwa kuongeza king'amuzi. Ndiyo, kuongeza, wanataka kimoja zaidi baa. Nikamwamkia mama, tukakaa, akanitolea daftari la shule lenye namba za kadi 16 nyuma, kila kadi inaisha tarehe yake, huyu tarehe 3, huyu tarehe 11, kijana analipa kwa simu moja moja na kila muamala una makato yake. Nikaona namba ya chumba cha 9 inalipiwa kila mwezi bila kukosa. Nikauliza chumba cha 9 ndo kipi, maana nilipopita nimeona kimefungwa kina mabati mlangoni. Kimya. Chumba cha 9 dari lilivuja toka Machi, hakijalala mtu, lakini king'amuzi chake kililipiwa Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba na Oktoba, 168,000, tivii yenyewe ikiwa stoo.

Mama akaniangalia akasema, "Fundi, hii usimwambie mtu." Baadaye aliniruhusu.

Hapo ndo nikaacha habari ya kuongeza king'amuzi, nikaomba kitabu cha wageni. Wenye gesti wengi wanakijaza kwa sababu ya serikali tu, hawakisomi. Mwezi uliopita una usiku 30, vyumba 16, jumla nafasi 480. Waliolala ni 187. Asilimia 39. Siku za kawaida ni vyumba sita, saba, wikiendi na semina vinaongezeka. Maana yake usiku wa kawaida kuna vifurushi tisa au kumi vinawaka kwenye vyumba vyenye giza.

Lakini hiyo ilikuwa haitoshi kuamua, maana huwezi kujua mgeni wa leo atapewa chumba kipi. Nilitaka kujua wanaangalia nini. Kuwauliza wageni ni kazi bure, mtu ukimuuliza unataka chaneli ngapi atakwambia zote. Nilikuwa nimesimama koridoni nalalamika hivyo, dada wa usafi anapita na ndoo, akasema, "Mbona wengine hawawashi kabisa."

Nikamuuliza anajuaje. Akasema akitandika kitanda anaweka rimoti juu ya taulo lililokunjwa, katikati, na asubuhi kwenye vyumba vingine anaikuta palepale juu ya taulo, taulo halijaguswa wala rimoti. Hao ni madereva, wanaingia saa nne usiku wanaondoka saa kumi na moja alfajiri, tivii ya nini. Na walioiwasha, akiiwasha kufuta vumbi inaanza na chaneli waliyoachia.

Jamani. Mimi nina mita ya kupimia mawimbi ya laki na zaidi, na huyu dada alikuwa na kipimo cha taulo.

Tukakubaliana wiki mbili. Nyuma ya mlango wa stoo akachora safu tatu kwa chaki, ya kwanza rimoti haikuguswa, ya pili chaneli za bure za ndani, taarifa ya habari, bongo muvi, muziki, ya tatu chaneli za kulipia. Kila asubuhi anapiga kijiti. Wiki mbili walilala wageni 88. Rimoti haikuguswa, 37. Chaneli za ndani, 34. Za kulipia, 17.

Najua chaneli ya mwisho sio kila alichoangalia mtu, anaweza kuwa aliangalia mpira halafu akamalizia na habari. Hata ukiongeza mara mbili hao 17 bado wanabaki wachache.

Maamuzi na sababu zake

Tulikaa watu watano, mimi, mama, kijana, mdada wa mapokezi na dada wa usafi, nilisisitiza awepo. Tuliamua hivi.

Vyumba vitano vya mbele vibaki na kifurushi cha 28,000 kamili, bila kushusha. Kwanini vitano: hao 17 kwa wiki mbili ni mmoja na kitu kwa usiku, siku za semina wanafika wanne. Nilitaka vinne, mama akataka sita, tukakutana hapo katikati. Tarehe zote tano zikavutwa ziwe moja, tarehe 1.

Vyumba 11 viwe na ving'amuzi vya antena, sio dishi. Chaneli za bure za ndani zinaendelea kuonekana hata usipolipia kifurushi, na mji wao una mnara wa kurushia kama kilomita tisa tu. Hapa kuna wenzangu waliniuliza kwanini nisibaki na dishi zilezile zilizopo, kifurushi kikiisha si chaneli za ndani zitabaki? Sikutaka kutegemea hilo. Wanaokumbuka Agosti 2018, TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, ilizuia baadhi ya ving'amuzi vya dishi kubeba chaneli za ndani za bure kwa sababu leseni zao hazikuruhusu, na watu wakaamka hawana taarifa ya habari. Mambo yalibadilika baadaye, lakini kwa chaneli za bure mimi bado naamini zaidi antena. Gharama 75,000 kwa chumba na kila kitu, mara 11 ni 825,000, ufundi wangu 150,000. Jumla 975,000. Mama alikaa kimya muda mrefu kwenye hiyo namba, mtu ameshapigwa 930,000 halafu unamwambia nyingine.

Baa ikawa ngumu. Wakati tunahesabu hayo, Novemba, wakaja mawakala wa kampuni, wapole tu, wakaagiza soda wakaangalia mpira dakika kumi, halafu wakaomba kuona kadi. Kifurushi kilikuwa cha nyumbani, na mkataba wa nyumbani hauruhusu kuonyesha kwenye baa. Na sio mkataba tu, sheria ya hakimiliki ya 1999 ipo, na COSOTA, wale wasimamizi wa hakimiliki, wapo. Walimpa siku 14 ahamie kifurushi cha biashara. Mama akaniuliza hakuna namna, nikamwambia namna zipo mama, tumeshaona mbili, zimekula 930,000. Tukahamia, 190,000 kwa kile cha Ulaya, na kile cha ligi ya ndani tukakihamisha pia kabla hawajaja wao, 60,000.

Kwa hiyo baa ilipanda kutoka 152,000 hadi 250,000. Ila kuna kitu hakuna aliyewahi kukifikiria: ligi ya Uingereza inaanza Agosti inaisha Mei. Juni na Julai wamekuwa wakilipia kifurushi kikubwa miaka yote sita, watu wanaangalia marudio. Tukaamua Juni na Julai baa inakatwa, inabaki na muziki wa flash. Isipokuwa mwaka wenye jambo, kama 2026 Kombe la Dunia ni Juni 11 mpaka Julai 19, na hata hapo mechi zinapigwa Marekani, Kanada na Mexico, kwetu nyingi ni usiku mwingi au alfajiri, ni bora kwanza uhesabu nani atakaa baa saa nane za usiku ndo ulipie.

Matokeo

Mwezi wa msimu sasa ni 140,000 za vyumba na 250,000 za baa, 390,000. Juni na Julai 140,000 tu. Kwa mwaka ni 4,180,000 badala ya 7,200,000. Ile 975,000 ya kufunga ilirudi ndani ya miezi mitano.

Wageni hawakupungua. Mwezi tuliohesabu ni 187, miezi mitatu baada ya kubadilisha ilikuwa 181, 194, 190, huwezi kusema imeshuka wala imepanda. Vyumba vya mbele mama aliviongeza hadi 23,000 na bado ndo vinajaa mwanzo siku za mechi.

Dishi mbili zilishuka batini, mbili zikabaki. Huku kwetu karibu na ikweta dishi zinaangalia juu sana, satelaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo dishi limekaa kama bakuli. Mama moja anaanikia dagaa, zinakauka vizuri kwa kweli.

Tulipopatia na tulipokosea

Kilichofanya kazi sio ving'amuzi vya antena. Kilichofanya kazi ni zile wiki mbili za chaki. Majaribio yote matatu ya mwanzo yalikuwa yanajibu swali la "tupunguze vipi bei ya kila chumba", na hakuna aliyekuwa ameuliza vyumba vingapi vinahitaji hicho kitu. Wakashusha ubora kwa kila mtu kwa usawa, yule dereva ambaye hawashi kabisa na yule wa semina anayekesha na muvi wakapewa kifurushi kilekile cha 12,000, mmoja hakugundua na mwingine akahama. Ukishusha kwa wote unamuudhi yuleyule mmoja aliyekuwa anatumia, na bado unaendelea kumlipia yule asiyetumia.

Chumba cha 9 nacho sio uzembe wa kijana peke yake. Malipo yako kwenye simu ya mmoja, funguo ziko kwa mwingine, kitabu cha wageni kwa wa tatu, kila mtu anafanya kazi yake vizuri na hela inapotea katikati. Kuvuta tarehe zote ziwe moja kumesaidia kuliko nilivyotegemea, maana tarehe 1 mama mwenyewe anauliza "vitano?" anajibiwa "vitano", imeisha. Zamani ilikuwa vihela vya 28,000 vinatoka kila siku mbili, huvioni.

Kwenye baa sijui kama nisifie. Kulipa kifurushi cha biashara kulikuwa lazima, ila mama hajawahi kupima kama hizo 250,000 zinarudi kwenye bia. Nimemwambia apige hesabu ya kreti siku za mechi na siku zisizo na mechi, hadi leo hajafanya, na mimi sio wa kumlazimisha.

Sasa makosa yangu. Nilimcheka yule fundi wa moduleta kwa kugawa waya mpaka njia 16, halafu mimi nikafunga antena moja nikaigawa njia 11 bila busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi. Mchana nimejaribu, safi. Usiku vyumba vitatu vya mwisho picha inaganda inakatika sauti, na mimi nimeshaondoka niko kilomita 120. Nikarudi kwa nauli yangu, nikaweka busta, nikapandisha bomba la antena hadi mita sita maana lilikuwa limejificha nyuma ya tenki la maji. Ndo maana nasema namheshimu yule fundi.

Kosa la pili lilikuwa la wote. Hatukumwambia mdada wa mapokezi agawe vyumba vipi. Wiki ya kwanza dereva mwenye usingizi anapewa chumba cha mbele chenye kifurushi, mpenzi wa mpira anapewa cha nyuma, malalamiko yakarudi kama Januari, na mama akaanza kunipigia na ile sauti. Tiba ikawa uzi. Vibao vya funguo za vyumba vitano vikafungwa uzi mwekundu, na mdada kabla hajatoa ufunguo anauliza, "Unaangalia mpira au unalala?" Wengi wanacheka wanasema nalala.

Nikifanya tena sehemu nyingine ningeanza na ving'amuzi vitatu tu vya antena kwa mwezi mmoja kabla ya kufunga 11, na ningesubiri mpaka usiku ndo niondoke. Pia ningehesabu wiki nne badala ya mbili, zile wiki mbili hazikuwa na semina kubwa ndani yake, tulibahatisha kwenye hiyo vitano.

Kipindi hiki dada wa usafi kafungua safu ya nne nyuma ya mlango bila mtu kumwambia. Ameandika "waifai". Anapiga kijiti kila mgeni anayeuliza nenosiri la waifai wakati wa kuchukua ufunguo, anasikia kutoka koridoni. Mara ya mwisho nilipopita ilikuwa na vijiti 52 kwa wiki tatu, na kijana ameshaanza kuongea habari za kufunga intaneti vyumba vyote 16.